Célestine na Miji ya Ng'ambo

Kulikuwa na asubuhi chache katika mwaka, baada ya mvua ya usiku kucha, ambapo milima ya Tanzania ilijitokeza ng'ambo ya ziwa, myembamba na ya buluu, kana kwamba mtu ameichora kwa chaki ya fundi cherehani na angeweza kuifuta wakati wowote. Asubuhi hizo Célestine alichelewa kazini. Alisimama kwenye kona ya njia inayopanda misioni, kapu la vitambaa mkononi, akatazama mpaka jua likapanda na ukungu ukaimeza milima tena. Hapo ndipo alipoendelea na safari yake, polepole, kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamwisha.

Alifundisha kushona kwenye fuaye ya parokia, ambako wake na mabinti wa watu wa reli na wa bandari walijifunza kukata, kupinda na kutarizi. Alikuwa Muholoholo wa papo hapo Kalemie. Ilikuwa ile miaka ya Zaire ambayo majina ya kizungu yalikatazwa kwenye karatasi, kwa hiyo biro, yaani ofisi ya serikali, ilimwandika kwa jina la nyanya yake. Mitaani alikuwa Mama Louise, kwa jina la binti yake. Mumewe peke yake ndiye aliyemwita Célestine, tena mlango ukiwa umefungwa.

Mumewe, Salomon, alikuwa Mubembe wa mwambao wa kaskazini. Vita vya mwaka sitini na nne vilipowatawanya watu wa kwao, mdogo wake Eugène alipanda mtumbwi ukamfikisha Kigoma, na yeye akateremka na ziwa mpaka Kalemie, akapata kazi kwenye meli ya mizigo. Kazi yake ilikuwa chini kabisa, kwenye chumba cha mashini: kupaka grisi, kukaza panapolegea, kusikiliza injini inavyopumua. Meli ilivuka kwenda Kigoma, ikapanda Bujumbura, ikarudi. Kila iliporudi Salomon alioga, akala ugali wake kwa sombe la majani ya mihogo na visamaki vya ndagala, kisha akavuta kiti karibu na cherehani ya mkewe.

"Mama Louise, niko Kigoma," alisema.

"Uko Kigoma," alijibu Célestine bila kuinua macho kwenye mshono.

Na hadithi ikaanza. Salomon hakuwa msemaji mbele za watu. Parokiani watu walimjua kama mtu wa kutikisa kichwa tu. Lakini kando ya cherehani alifunguka. Kigoma palikuwa na stesheni ya mawe meupe, na treni ililala pale ikitoa harufu ya bahari iliyotoka nayo upande wa pili wa nchi. Watu wa kule walisalimiana njiani mpaka muntu akasahau alikokuwa akienda. Bujumbura kulikuwa na taa njia nzima, na mikate iliyonukia tangu alfajiri, na maziwa yaliyopita mlangoni kama hapa yanavyopita maji. Na katika barabara moja nyuma ya soko, alisema, kulikuwa na mama anayeshona barazani, na pembeni yake kitundu chenye ndege wa manjano. Mama huyo alikuwa na desturi ya kumwimbia ndege kwanza, na ndege akishajibu ndipo aanze kukanyaga cherehani.

"Anashona nini?" Célestine aliuliza mara ya kwanza.

"Nguo za arusi. Nguo za arusi tu."

Tangu siku hiyo Célestine alimuulizia kila safari, na kila safari Salomon alikuwa na habari zake: mama wa ndege amepata uzi wa rangi ya fedha, mama wa ndege ameumwa na jino, mama wa ndege amekataa kumshonea bibi arusi mmoja mwenye maringo. Miaka ikapita hivyo. Louise akakua, akaolewa na dereva anayeitwa Valère, wakahamia hukohuko Bujumbura, lakini hata Louise alipokwenda, Célestine hakumwagiza amtafute yule mama. Alimwona kama rafiki ambaye hutaki kumchangia na mtu.

Kwa kweli aliishi kule nusu ya maisha yake. Sabuni ilipokosekana Kalemie, askari waliposimamisha akina mama bandarini na kufungua vikapu vyao, umeme wa maporomoko ya Bendera ulipokatika na ving'ora vya kiwanda vikanyamaza, Célestine aliinamia kitambaa chake na kuondoka. Alitembea njia yenye taa. Alinusa mikate. Aliketi barazani kwa yule mama, akamshikia pindo la shela, na ndege akaimba. Wanafunzi wake wa fuaye walikuwa wamezoea: ukimwita Mama Louise mara moja na asiitike, usimwite tena, subiri arudi mwenyewe.

"Siku nikipumzika kazi," Salomon alimwambia zaidi ya mara moja, "utachagua weye. Mji wowote wa ziwa hili. Pahali utasema, pale tutakaa."

Mwaka themanini na tano siku hiyo ikaja. Meli ilikuwa imechoka kuliko Salomon mwenyewe. Wakuu waliamua ifanye safari moja zaidi kisha ipumzishwe, na wazee wa chumba cha mashini wapumzike nayo. Nahodha, aliyempenda Salomon kwa kimya chake, akamruhusu amchukue mkewe na ashuke naye kila bandari. Célestine, mwenye umri wa miaka arobaini na tano, aliyezaliwa akisikia mawimbi na ambaye hakuwahi kulivuka ziwa hata mara moja, akafunga vitenge viwili vizuri, akampa jirani funguo, akapanda.

Siku ya kuvuka alikaa juu, mgongo kwenye mafurushi. Kalemie ikarudi nyuma: kilima cha misioni, mabati, minazi ya pwani, moshi mmoja wa treni. Kisha hakukuwa na upande wowote, maji tu, na mbingu ya rangi ileile, na Célestine hakujua kama meli inakwenda au inaota. Chini ya miguu yake aliisikia injini. Alijua kwamba pale chini yuko mtu anayeisikiliza, na kwa mara ya kwanza akajiuliza kutoka pale chini huonekana nini.

Kigoma walifikia kwa Eugène, upande wa wavuvi. Eugène alikuwa amenenepa na sauti imemkua. Mkewe Marthe alimkumbatia Célestine mpaka kilemba kikadondoka. Stesheni ilikuwapo kweli, na treni pia. Watu walisalimiana kweli. Watoto walimpigia Célestine shikamoo mpaka akaona haya, maana hakuwa amejua kwamba inadaiwa jibu. Lakini kitu kilichomshangaza Célestine kuliko vyote, Salomon hakuwahi kukitaja. Marthe alikuwa na uvimbe mguuni, wakaenda pamoja zahanati, na pale muuguzi, msichana mwenye saa kifuani, akaketi akamweleza Marthe ugonjwa wake mwanzo mpaka mwisho kwa Kiswahili. Si kwa kupayuka, wala si kwa maneno mawili ya kuamrisha. Ukutani tangazo lilikuwa kwa Kiswahili. Mkubwa wa pale alipopita, naye aligomba kwa Kiswahili.

Kalemie, Kiswahili kilikuwa lugha ya jikoni, ya soko, ya kubembeleza mtoto. Ukigonga mlango wa biro ulikiacha nje pamoja na kandambili, ukaingia na Kifaransa chako kidogo, au bila lugha kabisa. Hapa lugha yake mwenyewe ilikuwa imevaa viatu.

"Shemeji, unalia?" Marthe aliuliza walipotoka.

"Apana. Ni vumbi," alisema Célestine, ingawa mvua ilikuwa imenyesha.

Lakini pia aliona foleni. Kwenye duka la ushirika wanawake walipanga mstari kwa ajili ya sabuni ambayo labda ingekuja, na walimgeukia, wakashika pindo la kitenge chake kwa vidole viwili.

"Mama, hiki umekitoa Zaire?"

"Njo kitenge cha kwetu, ndicho hicho."

"Wenzetu mnakula maisha," alisema mmoja. "Miziki yote inatoka kwenu. Hebu tuambie, Kalemie kukoje?"

Célestine akafungua mdomo, na kilichotoka kilimshangaza. Aliwaambia kuhusu mji uliolala kati ya kilima na ziwa, ambako umeme huja kutoka mbali, kutoka kwenye maporomoko ya Bendera, ukipita juu ya msitu bila kugusa majani. Aliwaambia kuhusu king'ora cha asubuhi na wafanyakazi wanaoteremka pamoja kama harusi. Aliwaambia kuhusu kwaya ya Pentekoste, na wanaume wanaopiga pasi suruali zao mpaka mkunjo uweze kukata mkate. Hakusema uongo. Aliacha tu kusema mengine. Foleni ikasahau duka. Alipomaliza, mwanamke mmoja alikuwa amefumba macho, na Célestine akamtambua papo hapo, kana kwamba amejiona kwenye kioo cha dirisha.

Bujumbura walifika asubuhi. Louise aliwapokea bandarini, amevaa vizuri, amependeza, akawapeleka Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ambako nyumba yake ilikuwa na bomba la maji ndani ya ua. Mikate ilinukia kweli. Maziwa yalikuwapo. Jioni taa ziliwaka njia nzima, na Célestine akasimama chini ya moja akatazama juu kama mtu anayenyeshewa. Valère alikuwa mpole, alimkatia mama mkwe nyama kabla ya kujikatia.

Ila aliona kwamba walipovuka mpaka wa mtaa, Louise alishusha sauti. Kiswahili chao kilikwisha pale, na yeye akawa mgeni mwenye karatasi mkobani. Na mjukuu wake, msichana mdogo mwenye macho ya Salomon, aliota usingizini akasema jambo refu kwa Kirundi. Célestine, aliyekuwa amelala naye, alilisikiliza lote na hakuelewa hata neno.

Siku ya mwisho alimwambia mumewe, "Papa Louise, twende unioneshe yule mama."

"Mama gani?"

"Mama wa ndege."

Salomon alivaa kofia yake. Wakatoka wawili. Walipita soko, wakaingia barabara moja, wakageuka. Salomon alitembea mbele kwa hatua za mtu anayejua, kisha kwa hatua za mtu anayekumbuka, kisha akasimama kwenye njiapanda akatazama kushoto na kulia, na Célestine akaona kwamba hajui hata bandari iko upande gani. Mbele ya duka la vitambaa Célestine alimuuliza mwenye duka habari za mama anayeshona. Huyo akacheka, akasema mafundi wako sokoni, wanaume watupu.

Jasho lilikuwa limemtoka Salomon. Kiganja chake kilikuwa na weusi wa grisi ambao hakuna sabuni iliyouweza, na alikuwa akiufikicha, akiufikicha.

Hapo Célestine akaelewa yote kwa pamoja, bila kuambiwa. Meli ikitia nanga, injini haiachwi. Wengine walishuka mjini. Yeye alibaki chini kusafisha na kukaza, akapanda juu labda kuvuta hewa, akaona paa, taa, kipande cha barabara. Akanusa mkate. Vingine aliviokota kwa wapakuzi, na vingine akavitengeneza mwenyewe njia nzima ya kurudi, kelele zikimzunguka, ili asifike kwa mkewe mikono mitupu. Na kwa kuwa mkewe alikuwa mshonaji, akamtengenezea mshonaji.

"Mji umebadilika," alisema Salomon.

"Ndiyo," alisema Célestine. "Miji inabadilika sana." Akamshika mkono, jambo ambalo hawakulizoea barabarani, akamuuliza mpita njia mahali ziwa liliko.

Usiku ule alimlilia mama wa ndege, kimyakimya, kama anavyoliliwa mtu aliyefia mbali. Hakumkasirikia mumewe. Alitafuta hasira akakuta kitu kingine, cha uvuguvugu, ambacho hakukijua jina.

Waliporudi Kalemie meli ilifungwa kamba mwisho wa gati na kuachwa. Salomon akawa mtu wa nyumbani. Asubuhi alikaa uani. Mchana alikaa uani. Alirekebisha bawaba za mlango, akazirekebisha tena. Alivuta kiti karibu na cherehani kwa mazoea, akakaa, na hakuna aliyesema neno, maana hakuwa ametoka popote. Célestine naye alipoinamia kitambaa hakuweza tena kuondoka. Miji ile sasa ilikuwa na foleni, na karatasi, na mtoto anayeota kwa lugha nyingine.

"Basi, umechagua?" Salomon aliuliza Jumapili moja baada ya misa. "Louise anatungojea. Eugène naye ametayarisha chumba. Watu wananiuliza, sina la kuwajibu."

"Nimechagua. Miye nabaki hapa."

Salomon aliitikia kwa kichwa, ametulia. "Vizuri. Tubaki."

"Miye nabaki. Weye, Papa Louise, nenda Kigoma."

Salomon alimtazama kana kwamba amempiga. "Unanifukuza? Miaka yote hii, na sasa nimezeeka, unanifukuza?"

"Sikufukuzi. Eugène alikuambia mbele yangu, wavuvi wa kule wana mashini za mitumbwi na hakuna muntu wa kuzitengeneza. Ukafurahi. Nilikuona. Nenda, zitengeneze, ukimaliza urudi. Halafu uende tena." Alitafuta maneno. "Siye wawili hatujui kukaa. Tunajua kurudi. Weye unajua kurudi, na miye najua kukupokea. Nchi ya kukaa ukiwa umenyamaza hivi, siitaki, hata ingekuwa na taa."

Salomon alirudi kwenye bawaba zake siku kadhaa. Parokiani maneno yakatembea: Mama Louise amemchoka mzee, wengine wakasema mzee ana mke Kigoma. Célestine alipiga moyo konde, akaendelea kushona. Kisha asubuhi moja alisikia vyuma vikigongana chumbani; Salomon alikuwa akipanga vifaa vyake kwenye sanduku, akivifuta kimoja kimoja, na alikuwa akipiga mluzi.

Aliondoka na boti la wafanyabiashara wa samaki. Alirudi mwezi uliofuata, amekonda kidogo, ameungua na jua kwa kuwa sasa alifanya kazi juu, kwenye mchanga, si chini. Akaoga, akala. Akavuta kiti.

Alianza taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Marthe amegombana na jirani juu ya ua wa matete, na ua wenyewe umeanguka wakati wakigombana. Kuna mashini moja ya mvuvi wa Ujiji inayokataa kuwaka mpaka mwenyewe aondoke. Sabuni ilikuja, harufu yake kama ya karoti.

"Karoti?" aliuliza Célestine, mguu umesimama kwenye kanyagio. "Huyo jirani njo yule mwenye kovu? Marthe alisema nini?"

Mambo yalikuwa madogo, hayakuwa na uzi wa fedha wala ndege wa manjano. Lakini aliyaona yote, maana alijua ua ulipo, na sauti ya Marthe, na njia ya mchanga inayotoka pale mpaka majini. Alishona mpaka giza lilipoingia bila kugundua kwamba pindo limepinda.

Waliishi hivyo miaka mingi, mguu mmoja kila upande wa maji. Louise alikasirika mwanzoni, baadaye akazoea, akawa anamleta binti yake wakati wa likizo, na Célestine akajifunza kutoka kwake maneno machache ya Kirundi ya kulalia. Waliomcheka Célestine waliacha kidogo kidogo. Na yeye hakuwahi kudai kwamba Kalemie ilishinda. Sukari ilizidi kuwa adimu, treni zilizidi kuchelewa, na wapo wasichana wa fuaye aliowaambia waziwazi: nendeni Kigoma mkajifungulie kule, mtaelezwa ugonjwa wenu mkauelewa.

Mwaka mmoja mvua zilikuwa kali, maboti yakakataa kuvuka, na Salomon akakwama Kalemie muda mrefu kuliko kawaida. Alianza tena kurekebisha bawaba. Alasiri moja mvua ilipopumzika, Célestine alifunika cherehani, akajifunga kitambaa kichwani.

"Simama, twende."

"Wapi?"

"Kutembea tu."

Walipita nyuma ya misioni, akamwonesha nyumba ya msichana wa kwanza kufundishwa naye kutarizi. Walipita mtaa wa watu wa reli, ambako harufu ya kahawa ilitoka kila mlango na kila mtu alimjua yeye, na si mumewe. Waliteremka mpaka Lukuga, pale maji ya ziwa yanapochoka kutulia na kuanza kuwa mto. Salomon, aliyefanya kazi juu ya maji hayo maisha yake yote, alichuchumaa akatia mkono, akausikia mkondo ukimvuta vidole.

"Kumbe njo hapa linatokea," alisema. "Sikuwahi kufika."

Aliuliza nyumba hii ya nani, na ule mti wanauitaje kwa Kiholoholo, na kwa nini nyavu za hapa zina macho madogo. Célestine alijibu, akaulizwa tena, akajibu. Jua lilikuwa limetoka chini ya mawingu na matope yote yaling'aa. Mbele yao njia iligawanyika: moja ilirudi mjini, na nyingine ilipanda katikati ya mihogo, nyembamba, imejaa nyayo za mbuzi.

"Na hii inaenda wapi?" aliuliza Salomon.

Célestine aliitazama. Alizaliwa karibu na pale, na hakuwa amewahi kuipita.

"Sijui," alisema, akakunja kitenge juu ya vifundo vya miguu, akatangulia.